Bibi Aliyelala Maonyeshoni

Januari ile manyunyu yaliingia Hanoi na hayakuonyesha nia ya kuondoka. Haikuwa mvua ya kumkimbiza mtu, ila ule unyevu unaoning'inia hewani na kupenya kwenye soksi, kwenye mto wa kulalia, hata kwenye kopo la chumvi. Nguo zilianikwa wiki nzima na bado zilikuwa mbichi. Kikundi cha kina mama waliokuwa wakifanya mazoezi ya feni za mkononi kando ya ziwa kilivunjika bila mtu kutangaza. Kila mmoja alijifungia kwake, akajifunika blanketi magotini, akangoja Tet, sikukuu ya mwaka mpya.

Hoai hakuweza kujifungia. Alikuwa na miaka sitini na tatu, amestaafu kazi ya duka la dawa, na nyumba yake ilikuwa kimya tangu mumewe afariki baridi iliyopita. Wakati wa joto angeweza kufungua dirisha akasikia kelele za kichochoro. Wakati wa baridi madirisha yanafungwa, na ukimya unabaki ndani pamoja nawe kama mgeni asiyejua kuaga.

Kwa hiyo alipoona kwenye simu tangazo la maonyesho ya sanaa ya kisasa, mahali ambapo hakuwahi kufika maishani mwake, alimpigia rafiki yake Khue. Khue alikuwa na saluni sebuleni kwake, mume aitwaye Dang, na ulimi ambao haukuwahi kupata likizo.

"Picha za nini?" Khue aliuliza.

"Sijui. Wameandika ni sanaa ya kisasa."

"Kuna hita?"

"Itakuwepo."

"Na chai?"

"Ni siku ya uzinduzi, Khue. Watatukaribisha tu."

"Basi nipitie. Dang yuko hapa anacheza sataranji na simu. Hata nikianguka bafuni atamaliza kwanza kumla mtu farasi."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Hoai aliendesha pikipiki, Khue nyuma, wote wawili ndani ya koti moja la mvua lenye matundu mawili ya vichwa, na kwa mbali walionekana kama mnyama mmoja mnene anayegombana na nafsi yake. Walifika mahali ambapo friji nzee zilijazwa udongo na kuoteshwa mboga. Walifika ghorofa ya juu ya mkahawa mmoja, wakatazama video ya mwanamume aliyekaa juu ya paa akitafuna barafu. Walifika kwenye jumba la zamani lenye ngazi za mbao ambapo msanii alikuwa ametundika nywele za watu kutoka darini hadi sakafuni.

"Hizi zimepigwa dawa ya bei rahisi," Khue alisema kwa sauti, akizishika. "Tazama ncha zilivyokatika. Masikini, nani huyu aliyemwekea?"

"Usiguse! Wameandika tusiguse."

"Nimegusa kikazi."

Hoai alicheka, maana hakuna aliyeweza kuwa na Khue asicheke. Lakini pia alikuwa akisoma. Kila maandishi yaliyobandikwa ukutani aliyasoma mara mbili, kisha akarudi kuitazama kazi yenyewe, kisha akasogea kando akaitazama tena. Mbele ya zile friji aliguswa na kitu fulani kifuani na akashindwa kukipa jina. Alitamani kukisema. Aligeuka na kumkuta Khue anachungulia ndani ya friji akihesabu kama mboga zinatosha kwa supu.

"Unaonaje?" Hoai alimuuliza.

"Naona zinahitaji maji."

Basi yakaishia hapo. Usiku, kabla ya kulala, Hoai alijikuta akijieleza mwenyewe kuhusu friji zile, kwa sauti ya chini, kama anayemhadithia mtu aliye upande wa pili wa kitanda.

Kabla ya mwisho wa mwezi walivuka daraja hadi ng'ambo ya mto, kwenye kiwanda cha zamani cha chupa za chai ambacho vijana walikigeuza ukumbi wa maonyesho. Chumba cha kwanza kilikuwa na mamia ya viatu vya kitambaa vilivyopangwa ukutani kama vigae. Hoai alisimama hapo muda mrefu. Chumba cha pili kilikuwa na sauti tu, mtu anapiga mswaki, mtu anafagia, mtu anaita kuku. Chumba cha tatu kilikuwa kikubwa na chenye giza la kupendeza. Ndani yake vilipangwa vitanda vya mbao vya zamani, kila kimoja na chandarua na blanketi zito la pamba, na mlangoni paliandikwa: *Karibu ulale. Tafadhali, kimya.*

Hakuna aliyelala. Vijana waliovaa makoti meusi walisimama kando ya kuta, mikono mifukoni, wakitazama vitanda kama watu wanaongoja daktari.

"Wanangoja nini hawa?" Khue alinong'ona.

"Wanaona haya."

"Wameambiwa karibu, wanaona haya? Mimi nimewasimamia wateja wawili wa dawa ya nywele tangu asubuhi, miguu hii si yangu tena. Shika mfuko."

Na kabla Hoai hajasema neno, Khue alivua viatu, akafunua chandarua, akajitupa kitandani na kuvuta blanketi hadi kidevuni. Hita ilikuwa karibu kabisa na kitanda hicho. Alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika kwao. Haukupita muda, akaanza kukoroma.

Hakuwa mkoromaji wa aibu. Ilikuwa mikoromo ya mtu mwenye dhamiri safi, inayopanda polepole, inasita kileleni, kisha inaporomoka. Vijana wakaanza kusogea. Wakazunguka kitanda. Simu zikatoka mifukoni.

"Anawakilisha uchovu wa kizazi kizima," kijana mmoja alimnong'oneza mwenzake.

Anawakilisha wali na biringanya za mchana, Hoai alitaka kumwambia, lakini paliandikwa kimya.

Ndipo akaingia msanii mwenyewe. Aliitwa Luan, kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, nywele zimefungwa kisogoni kwa mpira wa kufungia mboga. Alisimama miguuni pa kitanda akamtazama Khue, na macho yake yakajaa machozi. Alisubiri mpaka Khue alipoamka mwenyewe, akaketi, na kukuta uso wa mtu asiyemjua umejaa maji.

"Shikamoo, bibi," Luan alisema.

"Marahaba. Nimekoroma?"

"Sana, bibi."

"Ndivyo Dang anavyosema, mimi namwita mwongo."

Luan alipiga magoti kando ya kitanda. Alimweleza kwamba tangu maonyesho yafunguliwe hakuna mtu aliyelala kweli, watu wanajilaza kidogo, wanapigwa picha, wanaondoka. Akamwomba, kama hataona ni usumbufu, aje kila Jumamosi hadi maonyesho yafungwe. Atakuja kuchukuliwa kwa teksi. Atapewa chakula cha mchana.

"Chakula gani?" Khue aliuliza.

"Chochote utakacho, bibi."

"Na kazi yangu ni kulala tu?"

"Kulala tu."

Khue alimgeukia Hoai, uso unang'aa. "Umesikia? Miaka yote hii nimekuwa na kipaji na hakuna aliyeniambia!"

Watu wakacheka kimyakimya. Hoai naye akacheka. Luan akamgeukia, akachukua koti la Khue lililokuwa limeanguka sakafuni, akampa. "Bibi, unaweza kumshikia koti lake tafadhali?"

Hoai alilishika. Njia nzima ya kurudi, Khue akipiga soga nyuma ya shingo yake, Hoai aliendesha bila kujibu zaidi ya "mm" na "ee."

Picha za Khue zilisambaa. Kijana aliyemwona kama uchovu wa kizazi kizima aliziweka mtandaoni, na kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa umeziona. Wateja waliokuja kukata nywele walimwita Bibi Usingizi. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Da Nang alipiga simu akalalamika kwamba mama yake amelala hadharani, halafu akaomba atumiwe picha ile iliyo nzuri zaidi. Hata Dang aliacha sataranji. Alimtazama mkewe kwa mshangao na kusema kwamba kama wangemuuliza yeye, angewaambia zamani.

"Uje Jumamosi ijayo," Khue alimsihi Hoai baada ya siku yake ya kwanza kazini. "Uone wanavyoninyenyekea. Kuna binti kazi yake ni kunipigia mto tu."

"Nina shughuli."

"Shughuli gani na manyunyu haya?"

"Kuna maonyesho mengine nataka kuyaona."

"Peke yako?"

"Kwani wanakataza?"

"Haya, mwenzangu," Khue alisema. "Usisahau soksi kavu."

Jumamosi hiyo Hoai alikwenda peke yake, na Jumamosi iliyofuata pia. Alidhani angefurahi zaidi. Sasa angeweza kusoma maandishi bila mtu kumvuta mkono, angeweza kusimama atakavyo. Alisimama mbele ya ukuta uliotundikwa makoti ya mvua ya plastiki, ya rangi zote, yanayodondosha maji taratibu ndani ya mabeseni. Alisoma kwamba kazi ile inazungumzia mwili usiokuwepo. Alikubali. Aliona mabega ya makoti yakiwa bado yamejaa umbo la watu, akamfikiria mumewe.

Halafu, bila kualikwa, sauti ya Khue ikamjia kichwani: *Nani huyu ameacha nguo nje? Waanue jamani, zinanuka!*

Hoai akacheka peke yake, kwa nguvu, katikati ya ukumbi mtupu. Binti aliyekuwa akilinda chumba akainua kichwa. Hoai akafuta macho kwa ncha ya skafu na kugundua kwamba hajui tena machozi yale ni ya kitu gani. Alitaka kumwambia mtu mambo yote mawili, lile la mabega na lile la kuanua. Akatoka, akawasha pikipiki na kuelekea darajani.

Kiwanda cha chupa za chai kilikuwa kimejaa. Katika chumba cha tatu watu walipanga foleni kando ya ukuta, na katikati, ndani ya chandarua, alikuwepo Khue, mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa. Alikuwa kimya kabisa. Hoai alimtazama mara moja akajua. Mwanamke yule hakuwa amelala hata kidogo.

Alisogea, akainama kama anayerekebisha blanketi.

"Khue."

Jicho moja likafunguka. "Ni wewe? Mungu wangu, nitoe hapa."

"Umekuwaje?"

"Silali! Tangu Jumamosi iliyopita sijapata hata lepe. Wamenikodolea macho, nitalalaje? Pua inaniwasha tangu saa nne. Nikijikuna wanapiga picha."

"Si uamke uondoke?"

"Na yule mtoto je? Ananiita bibi kwa sauti ile yake. Leo ameniletea supu ya kaa mwenyewe, kaiweka kwenye kikapu. Nitamwambiaje usingizi umekwisha?"

Hoai aliutazama umati. Akaitazama foleni ya makoti meusi, simu zilizoinuliwa, na uso wa rafiki yake uliojaa mateso. Akavua viatu.

"Sogea," alisema.

"Nini?"

"Sogea huko. Kuna baridi."

Akaingia chini ya blanketi. Kitanda kililia. Walilala bega kwa bega wakitazama juu ya chandarua, na kwa dakika chache walijitahidi sana kuwa sanaa.

"Ulienda wapi?" Khue alinong'ona, midomo haichezi.

"Kwenye makoti ya mvua. Ukuta mzima. Yanadondosha maji."

"Hawakuyaanua?"

Hoai akaanza kutikisika. Alijaribu kuzuia, akashindwa, na kicheko kikatoka puani. Khue akakishika, maana kicheko cha Hoai kilikuwa kinaambukiza kuliko mafua. Chandarua kikatetemeka. Hoai akaanza kumsimulia, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida ya watu wawili walio kitandani: mabega yale, mabeseni, binti mlinzi alivyomtazama. Khue akajibu kwa habari za supu ya kaa na za Dang ambaye sasa anajiita meneja. Msichana mmoja kwenye foleni akacheka. Akaketi kwenye kitanda cha jirani. Rafiki yake akaketi naye. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake akavua viatu, akajilaza kitanda cha tatu, akawauliza wale bibi wawili kwa sauti kubwa supu hiyo inauzwa wapi.

Muda si mrefu chumba kizima kilikuwa kinaongea. Watu waliolala kwenye vitanda tofauti walipiga gumzo kupitia vyandarua kuhusu mafua, safari za Tet na bei ya miti ya maua ya sikukuu. Hakuna aliyepiga picha tena.

Luan aliingia mbio.

"Nini hiki?" alisema. "Tafadhali! Tafadhali, kimya! Imeandikwa!"

Ukimya ukarudi kama taa iliyozimwa. Luan alifika kitandani akamtazama Hoai, uso umebadilika rangi. "Bibi, samahani sana, lakini umeniharibia kazi. Naomba mtoke. Wote wawili."

Khue akainuka polepole akatafuta viatu. Hoai alimshika mkono wakatoka katikati ya watu waliokuwa wakitazama sakafu.

Nje ya geti palikuwa na kibanda cha tambi chini ya turubai la plastiki. Waliketi kwenye viti vifupi, magoti yakiwa karibu na videvu, wakaagiza bakuli mbili na keki za kukaanga za kuchovya.

"Amenifukuza," Khue alisema. "Nimefukuzwa kazi ya kulala. Mimi ni mtu wa kwanza duniani."

"Amenifukuza mimi. Wewe ulinifuata tu."

"Ulikuja kwa nini, Hoai?"

Hoai alichochea mchuzi wake. "Nilichoka kucheka peke yangu."

Khue alichukua keki iliyokuwa nzima kwenye bakuli lake, akaihamishia kwenye bakuli la mwenzake. Hawakulirudia tena jambo hilo.

Walikuwa wanakaribia kumaliza Luan alipotokea, bila koti, manyunyu yametua kwenye nywele zake kama unga. Alisimama kando ya meza akiwa hajui mikono aipeleke wapi.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nimewafokea watu wazima. Bibi yangu angenichapa."

"Kaa kwanza," Khue alisema. "Huwezi kuomba radhi umesimama, unanizibia mwanga. Mama, mletee huyu bakuli, weka na nyama, ona alivyokonda."

Akaketi. Alikula kidogo, kisha akaanza kusimulia huku akiangalia bakuli. Bibi yake ndiye aliyemlea, huko Nam Dinh. Alifariki usiku wa baridi kitandani kwake, wakati yeye akiwa masomoni Seoul. Majirani walimkuta asubuhi, amejifunika vizuri, ametulia. Tangu hapo alikuwa akijaribu kuufikiria usiku ule, kile chumba na kimya chake. Vitanda vile vyote alivitafuta ili akitengeneze tena kimya kile na kuketi ndani yake.

Mama muuza tambi aliacha kukata vitunguu. Khue aliweka mkono mgongoni kwa Luan.

"Alikuwa anakoroma?" aliuliza kwa upole.

Luan akatoa sauti ambayo ilianza kama kilio ikaishia kuwa kicheko. "Nyumba ilitikisika, bibi. Siku ile nilipokusikia..."

"Basi, nimeelewa. Kula."

Alikula. Baada ya muda alifuta pua, akamgeukia Hoai. "Bibi, nilikuona. Siku ya kwanza ulisimama kwenye viatu muda mrefu kuliko mtu yeyote, nami nikakupa koti ulishike. Nisamehe. Nataka kukuuliza. Wewe unaionaje kazi yangu?"

Hoai aliweka kijiko chini. Alikuwa amengoja swali hilo baridi nzima, na sasa lilipofika alihisi mashavu yanawaka moto.

"Viatu ni vizuri," alisema. "Ile sauti ya mtu anayeita kuku, nilitaka kuitika. Lakini kile chumba cha vitanda sikubaliani nacho."

"Kwa nini?"

"Mume wangu alifariki baridi iliyopita. Kimya ninacho nyumbani, kila siku, sihitaji kuvuka mto kukitafuta. Wewe umekijenga kwa sababu hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Ninachokikosa ni mtu kugeuka kitandani na kuniuliza kama nimefunga mlango."

"Lakini bibi," Luan alisema, akisogeza bakuli pembeni, "nikiweka maongezi mle ndani, kutakuwa na tofauti gani na mkahawa? Watu watasahau kwamba kuna aliyekufa."

"Hawatasahau. Leo walisahau?"

"Walikuwa wanaongelea bei ya miti ya maua!"

"Na mumeo je, mlikuwa mnaongea nini kitandani?" Khue aliingilia, akimtazama Hoai.

"Bei ya miti ya maua," Hoai alisema.

Walibishana mpaka mama wa kibanda akaanza kupangusa meza zinazowazunguka. Luan hakukubali. Hoai hakurudi nyuma. Khue, aliyekuwa katikati, aligeuza kichwa huku na huku kama anayetazama mpira wa meza, na mara mbili alisema, "Jibu hilo sasa."

Wiki iliyofuata Luan alibadilisha kitu kimoja. Aliliacha neno *kimya* mlangoni, lakini aliviunganisha vitanda viwili viwili. Hoai alikwenda kuviona, akavizunguka, akamwambia kwamba ni afadhali kidogo ila bado amekosea. Luan alisema atalifikiria. Khue alirudi saluni kwake na usingizi wake ukarudi siku hiyohiyo, kwenye kiti cha kuoshea nywele, huku mteja akimsubiri.

Baada ya Tet, jua likiwa limeanza kuchungulia, Luan alimpigia Hoai simu. Rafiki yake mmoja, mchoraji, alikuwa amemaliza kazi kubwa na hajamwonyesha mtu. Je, bibi angeweza kuja? Hoai alikwenda, Khue naye nyuma ya pikipiki, amevaa viatu vipya na kuahidi kunyamaza.

Karakana ilikuwa juu ya duka la vyuma, ikinuka rangi na kutu. Mchoraji alikuwa binti mwenye madoa ya bluu hadi viwikoni. Aliwasalimia kwa kichwa tu, kisha akaondoa shuka lililofunika mchoro mkubwa ukutani, akarudi nyuma na kuanza kung'ata kucha.

"Huyu ndiye bibi Hoai," Luan alimwambia. "Hakuogopi, atakwambia anachokiona."

Hoai alivua kofia ngumu, akampa Khue aishike. Aliweka mikono nyuma, akausogelea ule mchoro, akaanza kuutazama kutoka pembe ya chini kushoto, bila haraka yoyote.